Safiyo na Ukoo wa Maneno

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, wanafunzi wa bweni walichota maji kisimani, wakafagia uwanja, kisha wakapanga mstari mbele ya madarasa. Shule yao ya msingi ilikuwa pembeni mwa mji wa Wajir, mahali ambapo barabara ya lami ilikwisha na mchanga ukaanza. Mwaka huo wa 1997 Safiyo alikuwa darasa la sita. Somo la kwanza la Jumatatu lilikuwa Kiingereza, na Mwalimu Noordin hakuwahi kuchelewa.

Mwalimu Noordin alikuwa mzaliwa wa Garissa, mtu mrefu asiyependa kelele. Hakuwapa wanafunzi maneno ya kukariri ovyo. Aliwaambia kwamba maneno yana ukoo kama watu.

"Safiyo, simama. Nitajie ukoo wako."

Swali hilo halikuwa gumu. Mtoto wa wafugaji wa Kisomali hufundishwa majina ya babu zake kabla hajapewa mbuzi wa kuchunga.

"Safiyo, Abdijabar, Kerrow, Alio, Maalim..."

"Inatosha. Siyad, wewe?"

"Siyad, Awil, Kerrow, Alio..."

"Mnakutana wapi nyinyi wawili?"

"Kwa Kerrow, mwalimu," walijibu pamoja. Kerrow alikuwa babu yao. Alikuwa hai bado, na mifugo yake ilikuwa karibu na Hadado.

Mwalimu aligeukia ubao. "Kule madrasa mnasoma Kiarabu. Kitabu, katibu, maktaba: yote matatu yanakutana kwenye kuandika. Kiingereza nacho kina mambo hayo." Akaandika neno "port". "Huyu ni babu. Kazi yake ni kubeba. 'Porter' hubeba mizigo. 'Import' huleta bidhaa ndani ya nchi, 'export' huzitoa. 'Transport' huzivusha kutoka hapa hadi pale. Na 'report' hubeba habari na kuirudisha kwa aliyekutuma."

Chini yake akaandika neno jingine: "infect", kuambukiza. "Nani atanitajia ukoo wa huyu?"

Mkono wa Safiyo ulikuwa juu kabla swali halijaisha. "Infect, infected, infection, infectious, disinfect, disinfectant."

"Vizuri. Sasa mtumie mmoja wao. Nipe sentensi."

"The disease is infectious."

"Ugonjwa upi?"

"Ugonjwa... wowote, mwalimu."

"Unaambukizwa vipi? Kwa hewa, kwa maji, kwa kugusana? Mtu afanye nini ili usimpate?"

Safiyo aliinamia daftari lake. Sentensi ile aliitoa kitabuni, na kitabu hakikusema zaidi ya hapo.

"Ukijua ukoo wa mtu, umejua anakotoka," Mwalimu Noordin alisema. "Hujajua anafanya nini. Kesho uniletee sentensi ambayo mtu wa nyumbani kwenu angekuwa na haja ya kuisikia."

Siku iliyofuata Safiyo alileta sentensi nyingine ya kitabuni. Mwalimu aliisoma, akamrudishia daftari bila kuweka alama yoyote. Hilo halikumsumbua sana Safiyo. Katika mtihani wa mwisho wa mwaka alikuwa wa kwanza tena, na mtihani haukuuliza habari za nyumbani.

"Maneno hayo unayajua majina tu," Siyad alimtania siku ya kufunga shule, wakiwa wamekalia masanduku yao ya bati. "Hujawahi hata kunywa chai nayo."

"Wewe uliyekunywa nayo chai ulikuwa wa ishirini na ngapi?"

"Wa ishirini na nne," alisema Siyad bila aibu. "Lakini mimi nisipojua, nasema sijui. Halafu naenda kucheza mpira."

Wazazi wa Safiyo walikuwa Garissa, ambako baba yake alifanya kazi ya ulinzi. Alipaswa kwenda kwao, lakini mvua zilikuwa zimeanza na barabara ya Garissa ilikuwa imekatika. Basi alifuatana na Siyad hadi kwa babu yao.

Mvua za mwisho wa mwaka huo hazikufanana na mvua ambazo mtu yeyote alizikumbuka. Nchi ambayo watu walitembea siku nzima kutafuta kisima iligeuka ziwa. Lori lililowabeba lilizama matopeni kabla ya Hadado, wakamaliza safari kwa miguu huku maji yakiwafika magotini. Familia ya babu ilikuwa imehamisha vibanda vyake juu ya kinundu cha ardhi kilichobaki kikavu. Mifugo ilisongamana pale pale pamoja na watu. Kwato za kondoo zilikuwa zimeoza kwa unyevu, na mbu walikuwa wengi hata mchana.

Kisha kondoo wakaanza kutupa mimba, karibu wote kwa wakati mmoja. Wana-kondoo waliokwisha kuzaliwa walikufa wangali wadogo. Wakubwa walisimama wakining'iniza vichwa, wakatokwa na damu puani, wakaanguka.

Familia ilifanya kile ambacho wafugaji wa huko wamefanya siku zote. Mnyama anayekufa mwenyewe ni mzoga, na mzoga ni haramu. Kwa hiyo kondoo alipoanza kuyumba, mtu alikimbia na kisu ili amwahi angali hai, amchinje kwa jina la Mungu, na nyama yake iwe halali. Kazi hiyo ilikuwa ya Awil, baba yake Siyad. Alikuwa na mkono mwepesi. Watu walimsifu kwamba katika balaa lile hakuna nyama iliyopotea.

Siku moja helikopta ilitua upande wa pili wa maji. Alishuka daktari mmoja mgeni, mwanamke wa makamo, na viatu vyake vya mpira vilijaa tope mara moja. Rubani alibaki na chombo chake. Mkalimani wao alikuwa ameshikwa na homa na kuachwa Wajir. Siyad siku hiyo alikuwa mbali akichunga ngamia.

Daktari alisalimia kwa Kiingereza. Wanaume walitazamana.

"Mjukuu wangu huyu amesoma," alisema mzee Kerrow, akamsukuma Safiyo mbele. "Ni wa kwanza darasani. Awoowe, simama hapa utuambie anasema nini." Kwa Kisomali babu na mjukuu huitana kwa neno hilo hilo moja, awoowe, na mzee Kerrow alilisema kwa sauti ya juu ili kila mtu asikie.

Daktari aliongea haraka. Safiyo alishika neno "infected". Alilijua. Angeweza kuliandika na kulitajia ndugu zake wote. Alishika damu, alishika maziwa, alishika kuchemsha. Katikati ya maneno hayo yalipita mengine mengi ambayo hakuwahi kuyaona kitabuni. Daktari alionyesha kondoo, akaonyesha mikono yake mwenyewe, akatikisa kichwa kwa nguvu.

"Umeelewa?" daktari akauliza. "Nirudie polepole?"

Watu wote walikuwa wakimtazama Safiyo. Babu yake alikuwa anatabasamu.

"Yes," alisema Safiyo. "I understand."

Akawageukia watu. "Anasema kuna ugonjwa wa kuambukiza. Tuwe wasafi. Tuchemshe maziwa kabla ya kunywa."

"Maziwa yachemshwe!" Awil alicheka. "Amesafiri kwa ndege kuja kuniambia nikaushe maziwa yangu motoni? Muulize kwao wanakunywa nini."

Watu wakacheka. Daktari, alipoona wanacheka, alidhani mambo yamekwenda vizuri. Aliacha vyandarua, sabuni na chupa ya dawa ya kuua viini, akaondoka kwenda kwenye makambi mengine.

Jioni hiyo Siyad alimuuliza, "Daktari alisema nini?"

"Tuwe wasafi."

"Hayo tu? Watu wanasema aliongea mpaka rubani akamwita."

"Hayo tu," Safiyo alijibu, akaenda kukamua mbuzi.

Awil aliendelea na kazi yake. Alichinja, akachuna ngozi, akapasua matumbo, na damu ilimfika viwikoni. Kidole gumba chake kilikuwa na jeraha la kisu ambalo halikupata nafasi ya kukauka.

Kabla juma halijaisha alishindwa kuinuka. Alisema kichwa kinampasuka na mgongo umevunjika. Macho yalikuwa mekundu, kisha yakawa manjano. Mkewe, Fartun, alipompa maji, aliyarudisha yakiwa na damu, na damu ikaendelea kutoka kwenye ufizi. Hakukuwa na njia ya kumfikisha hospitali. Wajir ilikuwa ng'ambo ya maji. Babu alimsomea Kurani, na Siyad alikaa miguuni pake akimfukuzia mbu kwa kipande cha mkeka. Awil alifariki asubuhi ya Ijumaa. Walimzika kwenye ukingo wa kinundu kile, na kaburi lilijaa maji mara mbili kabla hawajalifukia.

Safiyo hakuwa na hakika ya lolote. Hakujua kama daktari alisema neno ambalo lingemzuia Awil. Alijua tu kwamba alionyesha kondoo, akaonyesha mikono yake, akatikisa kichwa. Alijua pia kwamba yeye mwenyewe hakuelewa, na kwamba hakuna mtu mwingine pale aliyelijua jambo hilo.

Siku iliyofuata, dume kubwa la kondoo la babu lilianza kuyumba. Ndilo lililokuwa limebaki la mbegu. Mzee Kerrow alifunga shuka lake kiunoni, akaomba kisu cha Awil.

"Siyad, shika miguu."

"Awoowe, ngoja," alisema Safiyo.

"Haliwezi kungoja. Huoni hilo limekwisha?"

"Usilichinje. Usiguse damu yake."

Mzee alisimama na kisu mkononi. "Nani amesema?"

"Sijui. Labda daktari." Safiyo alisimama kati yake na dume. "Sikumwelewa, awoowe. Alizungumzia damu na akaonyesha kondoo, lakini mengine sikuyaelewa. Aliniuliza kama arudie. Nikasema nimeelewa."

Siyad aliachia mguu wa kondoo, akainuka taratibu.

"Nilikuuliza," alisema. "Mimi mwenyewe nilikuuliza. Ukasema hayo tu."

"Ndiyo."

Babu alitazama kisu, akatazama kaburi. Dume lilipiga magoti, likalala ubavu, likafa pale pale mbele yao bila kuchinjwa. Lingekuwa chakula cha familia nzima kwa siku kadhaa, na sasa lilikuwa mzoga.

"Leo ndege ilisikika upande wa Hadado," mzee alisema hatimaye. Hakusema awoowe. "Nenda kamuulize. Siyad, mpeleke. Na usirudi na kipande cha habari."

Walitembea majini, Siyad mbele na fimbo ya kupimia kina, Safiyo nyuma. Siyad aliuliza bila kugeuka.

"Ungemwambia, angeacha?"

"Sijui."

"Baba hakuwa mtu wa kuambiwa na mtoto."

"Nilipaswa kumwambia hata hivyo."

Mahali penye mkondo Siyad alimnyooshea fimbo ashike, kisha akaendelea mbele.

Walimkuta daktari karibu na Hadado, chini ya turubai, akiwatoa watu damu kwa uchunguzi. Sampuli hizo zilipitia Garissa kwenda maabara Nairobi. Mkalimani wake alikuwa bado mgonjwa. Safiyo alipofikiwa na zamu yake, hakuanza kwa salamu.

"I said yes," alisema kwa Kiingereza. "I did not understand. Please say it again with small words."

Daktari aliweka sindano chini, akamtazama, akamkumbuka. Kisha akauliza swali moja: nani amekufa?

"My uncle. His father." Akamwonyesha Siyad.

Daktari alianza upya, neno moja moja, na Safiyo alimsimamisha kila alipokwama. "Infected" anamaanisha nani, mtu au kondoo? Wote wawili, daktari alisema, kondoo kwanza. Huyo kondoo ambaye ni "infected", viini viko wapi ndani yake? Kwenye damu, daktari alisema, na kwenye mimba iliyotupwa, na kwenye maziwa. Vinaingiaje kwa mtu? Hapo daktari alichukua mkono wa Safiyo, akaugusa kidole gumba, pale pale ambapo Awil alikuwa na jeraha.

"And mosquitoes," aliongeza. Mbu pia huvibeba viini kutoka kwa mnyama hadi kwa mtu. Kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwa yakini kama Awil aliambukizwa kwa kisu au kwa mbu.

"Sasa wewe niambie mimi," daktari alisema mwishoni. "Kila kitu. Siku ile nilipaswa kukuuliza hivi, sikukuuliza. Lile kosa ni langu."

Safiyo alirudia yote. Alikosea mahali pawili, akasahihishwa, akarudia tena. Siyad alisikiliza, naye akayarudia kwa Kisomali, ili wakirudi nyumbani kuwe na midomo miwili.

Kambini Safiyo alisimama mahali pale pale alipokuwa amesimama siku ya kwanza. Mnyama mgonjwa asichinjwe. Mzoga usiguswe kwa mikono mitupu, uzikwe mbali na maji. Mimba zilizotupwa zizikwe vivyo hivyo. Maziwa yachemshwe mpaka yafure. Watu walale ndani ya vyandarua. Na dawa ile iliyokuwa kwenye chupa ni ya kuoshea visu na mikono.

"Na tule nini?" mtu mmoja aliuliza kwa hasira. "Tuache nyama halali ioze, tutazame?"

"Mahindi ya msaada yapo Hadado," Siyad alisema. "Tumeyaona."

"Nyama ni halali," alisema mzee Kerrow, "lakini kujiua si halali." Akachukua jembe, akaenda kuzika dume lake. Baada ya kitambo wengine walimfuata.

Ugonjwa haukuisha siku hiyo. Watu kadhaa walipata homa, wakapona. Fartun, mke wa Awil, alipona pia, lakini tangu hapo aliona ukungu katikati ya kila alichokitazama, hata nyuso za wanawe. Kondoo wengi mno walikufa. Lakini baada ya Awil, hakuna mtu mwingine wa kambi ile aliyezikwa.

Maji yalipopungua, Safiyo alirudi Wajir. Siyad alibaki. Sasa ndiye aliyekuwa mwanamume wa nyumba yao, na ngamia walihitaji mtu.

"Ukijua neno jipya, niletee likizo," alimwambia Safiyo wakiagana. "Lakini uniambie na kazi yake. Majina matupu siyataki."

Mwalimu Noordin alikuwa amezisikia habari hizo kabla Safiyo hajafika. Hakumwita ofisini wala hakumpa pole ndefu. Alimngoja hadi siku alipoomba mwenyewe kuzungumza, mbele ya wenzake wa darasa la saba, akaeleza mambo yalivyokuwa toka mwanzo hadi mwisho.

"Mwalimu, nilimuua?" aliuliza alipomaliza.

"Hatujui ni kitu gani kilimwambukiza," alisema Mwalimu Noordin. "Wala hatujui kama angetii. Alikuwa mtu mzima, na alikuwa na desturi nzuri aliyoiamini. Mambo hayo mawili hatutayajua kamwe, kwa hiyo sitakudanganya kwa kukuambia hapana, wala kwa kukuambia ndiyo. Tunalojua ni moja. Hakuambiwa."

Alichukua chaki, akaandika ubaoni "port", na chini yake "porter" na "report".

"Hawa ni ndugu, mnakumbuka. Mpagazi akiangusha nusu ya mzigo njiani, na akifika akasema mzigo wote huu hapa, yule mwenye mzigo hatarudi kuutafuta. Angesema nusu imeanguka, wangerudi wote wakauokota. Kutojua si kosa. Ndiyo maana kuna shule. Kosa ni kusema unajua wakati watu wanasubiri kutenda kwa neno lako. Siku ile Safiyo alikosa. Siku nyingine, penye watu wale wale, alisema sijui, na watu wakapona. Chukueni hilo la pili, na msisahau la kwanza."

Akafuta ubao, akaandika neno jipya. "Ukoo wake?"

Safiyo alilitazama. Mbele yake dawati la Siyad lilikuwa tupu. Aliinua mkono, akasimama.

"Ukoo wake naweza kuubuni, mwalimu. Lakini simjui anafanya kazi gani."

"Basi kaa," alisema Mwalimu Noordin, "tuanzie hapo."